Kuchagua Darubini ya Kupigia Picha za Sayari

Shule ya sekondari inapojaliwa kupata fedha za kununua darubini moja, aghalabu mwalimu wa fizikia ndiye hutwishwa mzigo wa kuchagua. Hupewa orodha ya bei, na katika orodha hiyo huona sifa moja imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote: "Hukuza mara 600." Karibu nayo huona darubini nyingine, ya bei kubwa zaidi, ambayo haikusifiwa hivyo, bali imeandikiwa tu kipenyo cha milimita kadha wa kadha na alama kama f/6 au f/12. Mwalimu asiyeelezwa maana ya alama hizo huenda akanunua ile ya kwanza. Baada ya majuma machache chombo kitawekwa kabatini, kwa kuwa Mshtarii ndani yake ni doa la ukungu tu. Fedha za shule zikishatumika hazirudi, na darubini iliyolala kabatini haimfundishi mtu.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuzifuata, jinsi ya kuchagua darubini ifaayo kupigia picha za sayari, na jinsi ya kukokotoa uwiano wa fokasi unaofaa kwa kamera iliyopo. Itaonekana kwamba mambo hayo mawili ni maswali tofauti, na kwamba watu wengi hukosea kwa sababu huyachanganya.

Ukubwa wa sayari angani

Kwanza tujue tunapiga picha ya kitu cha ukubwa gani. Wanafalaki hupima ukubwa wa vitu vya angani kwa pembe. Digrii moja hugawanywa katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60. Sekunde hizi ni za pembe, wala si za saa. Sarafu yenye kipenyo cha milimita 24 ikitazamwa kutoka umbali wa kilometa 5 hivi huwa na ukubwa wa sekunde moja ya pembe.

Mwezi una kipenyo cha sekunde 1,800 hivi. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko sayari zote, hufikia sekunde 44 hadi 50 inapokuwa karibu nasi. Mwili wa Zohali hauzidi sana sekunde 20, ingawa pete zake huenea sekunde 44 hivi. Mirihi hubadilika sana: mwezi Agosti 1993 na nyakati nyingine nyingi ilikuwa ndogo mno, lakini mwezi Agosti 2003 ilifikia sekunde 25. Kwa mfano wa ile sarafu, Mshtarii yenye sekunde 45 ni sawa na sarafu iliyowekwa umbali wa meta 110, yaani mbali kidogo kuliko urefu wa uwanja wa mpira. Kazi yetu ni kuipiga picha sarafu hiyo hata michoro yake ionekane.

Kipenyo ndicho kinachoamua

Wengi hudhani kwamba kazi ya darubini ni kukuza. Kukuza ni kazi rahisi. Lenzi ya jicho yenye fokasi fupi hukuza kadiri upendavyo. Kazi iliyo ngumu ni kupambanua, yaani kuvitenga vitu viwili vilivyo karibu karibu vionekane kuwa ni viwili.

Uwezo huo una mpaka uliowekwa na nuru yenyewe. Nuru husafiri kwa mawimbi, na mawimbi yanapopita katika tundu la duara hayaendelei yote kwa mstari ulionyooka; baadhi yake hupinda ukingoni na kutawanyika. Kwa sababu hiyo nyota, hata kama ni nukta, haifanyi nukta katika darubini. Hufanya doa dogo la duara lililozungukwa na pete hafifu. Mwingereza George Airy alikokotoa umbo la doa hilo mwaka 1835. Baadaye mwenzake, Lord Rayleigh, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: madoa mawili huanza kutambulika kuwa ni mawili pembe iliyo kati yake inapofikia mara 1.22 ya urefu wa wimbi ukigawanywa kwa kipenyo cha darubini.

Kwa nuru ya kijani, ambayo urefu wa wimbi lake ni mikroni 0.55 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kanuni hiyo huwa rahisi kukumbuka: gawanya 138 kwa kipenyo cha darubini kwa milimita, na jibu ni sekunde za pembe. Tuangalie mifano mitatu:

Darubini ya milimita 70: 138 ÷ 70 = sekunde 1.97.
Darubini ya milimita 127: 138 ÷ 127 = sekunde 1.09.
Darubini ya milimita 200: 138 ÷ 200 = sekunde 0.69.

Sasa tugawanye kipenyo cha Mshtarii, sekunde 45, kwa majibu hayo. Darubini ya kwanza huweza kupanga vipande 23 tu kutoka ukingo hadi ukingo wa sayari. Ya pili vipande 41. Ya tatu vipande 65. Hizo ndizo habari zilizomo ndani ya nuru iliyokusanywa. Ukiikuza picha ya darubini ya kwanza mara 600, vipande vitabaki vile vile 23, ila vitakuwa vikubwa na vyenye giza. Ni sawa na kulivuta kwa nguvu gazeti lililochapwa vibaya hadi puani: herufi huwa kubwa, lakini hazisomeki zaidi.

Hivyo kanuni ya kwanza ni hii: katika kununua, tazama kipenyo kwanza, wala usidanganywe na idadi ya kukuza.

Uwiano wa fokasi ni nini?

Nuru itokayo mbali ikipita katika lenzi, au ikirudishwa na kioo kilichobonyea, hukutana mahali paitwapo fokasi. Umbali kutoka kwenye lenzi au kioo hadi hapo ndio urefu wa fokasi. Uwiano wa fokasi hupatikana kwa kugawanya urefu huo kwa kipenyo. Darubini yenye kioo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200 ina uwiano wa 6, nao huandikwa f/6.

Zamani uwiano huu ulikuwa mkubwa sana kwa sababu maalumu. Lenzi moja haipindi rangi zote sawasawa. Nyekundu hukutana mbali zaidi kuliko buluu, na sayari huzungukwa na ukingo wa rangi. Kasoro hiyo hupungua fokasi ikirefushwa. Ndiyo maana Christiaan Huygens wa Uholanzi, alipogundua Titan, mwezi wa Zohali, mwaka 1655, alitumia lenzi ya milimita 57 yenye urefu wa fokasi wa meta 3.37 hivi, yaani karibu f/59. Hevelius, aliyeishi Danzig, alifika hadi kujenga darubini ya urefu wa meta 46 hivi, iliyoning'inizwa kwenye mlingoti kama tanga la jahazi. Isaac Newton aliikwepa shida hiyo mwaka 1668 kwa kutumia kioo badala ya lenzi, kwa kuwa kioo hurudisha rangi zote kwa njia moja.

Leo sababu hiyo ya zamani imepungua nguvu, lakini uwiano wa fokasi bado ni muhimu kwa sababu nyingine, nayo ni kamera.

Doa la nuru na pikseli

Ndani ya kamera ya siku hizi mna kihisio, yaani bamba dogo lililogawanywa katika vijumba vingi vya mraba vinavyopokea nuru. Kila kijumba huitwa pikseli. Katika kamera nyingi za kupigia sayari upana wa pikseli ni kati ya mikroni 2 na 4.

Mfumaji wa mkeka anajua kwamba mkeka uliosukwa kwa miyaa mipana hauwezi kuonyesha ua lililo dogo kuliko upana wa mwaa. Pikseli ni miyaa ya kamera. Ikiwa picha inayoangukia kihisio ni ndogo mno, vipande vyote 65 ambavyo kioo kilivikusanya kwa shida vitaangukia katika vijumba vichache, na habari zitapotea. Hivyo yatupasa kujua picha iwe kubwa kiasi gani ndipo pikseli zisipoteze kitu.

Jibu hutokana na jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Kipenyo cha lile doa la Airy kwenye fokasi, kikipimwa kwa mikroni, ni mara 2.44 ya urefu wa wimbi, mara uwiano wa fokasi. Kipenyo cha darubini hakimo katika hesabu hiyo! Darubini ya milimita 70 na ile ya milimita 200, zote zikiwa f/12, hufanya doa la ukubwa ule ule: 2.44 × 0.55 × 12 = mikroni 16. Tofauti yao ni kwamba, katika ile kubwa, urefu wa fokasi ni mkubwa zaidi, hivyo picha ya Mshtarii ni pana zaidi na madoa mengi zaidi hupata nafasi ndani yake.

Maana yake ni kwamba uwiano wa fokasi unaofaa hautegemei darubini, bali hutegemea pikseli ya kamera. Mistari iliyo karibu zaidi ambayo darubini yoyote huweza kuipitisha hutengana, kwenye fokasi, kwa umbali ulio sawa na urefu wa wimbi mara uwiano wa fokasi. Ili kuchora mstari mmoja mweupe na jirani yake mweusi, pikseli mbili ndiyo idadi ndogo kabisa inayotosha. Kwa hiyo:

Uwiano wa fokasi = 2 × upana wa pikseli ÷ urefu wa wimbi.

Mfano: kamera ina pikseli za mikroni 2.9. Kwa nuru ya kijani, 2 × 2.9 ÷ 0.55 = 10.5. Kwa nuru ya buluu, yenye wimbi la mikroni 0.45, jibu ni 12.9; kwa nyekundu, yenye wimbi la mikroni 0.65, jibu ni 8.9. Kutokana na hesabu hizi imetokea kanuni nyepesi ambayo wapiga picha wa sayari huitumia: zidisha upana wa pikseli kwa namba iliyo kati ya 3 na 5. Kwa kamera yetu, uwiano wa 12 unafaa sana.

Darubini yetu ya milimita 200, hata hivyo, ni f/6. Je, tuikatae? La hasha. Kuna lenzi ndogo iitwayo lenzi ya Barlow ambayo huwekwa mbele ya kamera na kurefusha fokasi mara mbili au mara tatu. Ukiweka ya mara mbili, f/6 huwa f/12, na urefu wa fokasi huwa milimita 2,400. Upana wa picha ya Mshtarii hukokotolewa hivi: 2,400 × 45 ÷ 206,265 = milimita 0.52, yaani pikseli 180 hivi. (Namba 206,265 ni idadi ya sekunde za pembe zilizomo katika radiani moja.) Bila ya Barlow, sayari hiyo hiyo ingechukua pikseli 90 tu.

Basi kanuni ya pili ni hii: kipenyo hununuliwa, uwiano wa fokasi hurekebishwa.

Kwa nini tusizidishe?

Mwanafunzi mdadisi atauliza: kama f/12 ni nzuri, je, f/24 si nzuri zaidi? Picha ingekuwa na upana mara mbili. Lakini nuru ni ile ile iliyoingia kwa kioo, nayo sasa imetandazwa juu ya eneo mara nne. Kila pikseli hupata robo ya nuru iliyokuwa ikipata. Ikiwa picha moja ilihitaji milisekunde 10, yaani sehemu ya mia ya sekunde, sasa itahitaji milisekunde 40. Hapo ndipo adui mkubwa wa mpiga picha hupata nafasi yake.

Adui huyo ni hewa. Juu ya vichwa vyetu tabaka za hewa ya moto na baridi hupishana bila kukoma, na kila moja hupinda nuru kwa kiasi chake. Sayari ndani ya darubini huonekana ikichezacheza kama jiwe lililo chini ya maji ya kijito. Picha ikichukuliwa kwa muda mrefu, michezo yote hiyo hujumlishwa kuwa ukungu. Picha ikichukuliwa kwa muda mfupi sana, mara moja moja huangukia dakika ya utulivu, na sayari huonekana imetulia kama iliyochorwa. Mwaka 1978 mwanafizikia wa Marekani, David Fried, alikokotoa uwezekano wa kupata picha hizo za bahati, na akaonyesha kwamba uwezekano huo hupungua haraka kadiri kipenyo cha darubini kinavyoizidi hali ya hewa.

Kamera za video za kompyuta zilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, jambo hilo likawa mikononi mwa watu wa kawaida. Mpiga picha huchukua video ya dakika mbili yenye picha 100 kwa kila sekunde, yaani picha 12,000. Kisha programu ya kompyuta, kama vile RegiStax au AutoStakkert, huzipima zote, huchagua zilizo bora, huzipanga moja juu ya nyingine na kupata wastani. Haba na haba hujaza kibaba: picha moja ina chengachenga nyingi, lakini wastani wa picha 1,600 hupunguza chengachenga hizo mara 40, kwa kuwa 40 ni kipeuo cha pili cha 1,600.

Kwa nini dakika mbili tu? Kwa sababu Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda wa saa 9 na dakika 55 hivi. Mahali palipo kwenye ikweta yake husafiri kilometa 12.6 kwa sekunde, sawa na kilometa 756 kwa dakika. Ikiwa na ukubwa wa sekunde 45, kila sekunde ya pembe katikati ya sayari ni kilometa 3,180 hivi. Hivyo katika dakika moja mawingu husogea sekunde 0.24 za pembe, na katika dakika tatu sekunde 0.71, ambazo zinazidi uwezo wa kupambanua wa darubini ya milimita 200. Mwenye kuongeza uwiano wa fokasi kupita kiasi hubanwa pande mbili: hewa humtaka awe mwepesi, na mzunguko wa sayari humnyima muda wa kungoja.

Sayari nazo hazilingani. Zohali iko mbali na Jua karibu mara mbili kuliko Mshtarii, hivyo mwangaza wa uso wake ni theluthi moja tu ya ule wa Mshtarii. Kwayo ni afadhali kubaki upande wa chini wa kanuni, mara 3 au 4 ya pikseli. Mirihi na Zuhura zina mwangaza mwingi, na huweza kustahimili mara 5.

Aina tatu za darubini

Darubini ya lenzi ni imara na haihitaji matengenezo mengi. Picha yake ina utofauti mzuri wa weusi na weupe kwa kuwa hakuna kitu kinachoziba njia ya nuru. Lakini lenzi za bei nafuu bado zina kasoro ya rangi: yenye milimita 100 hupendeza ikiwa f/12 hivi, na huwa na ukingo wa zambarau ikiwa f/6. Lenzi kubwa zisizo na kasoro hiyo ni ghali mno kwa shule.

Darubini ya kioo ya Newton hutoa kipenyo kikubwa kwa fedha kidogo kuliko aina nyingine zote. Upungufu wake ni kwamba vioo vyake viwili havina budi kulinganishwa mara kwa mara, na ulinganifu huo ni mgumu zaidi uwiano wa fokasi unapokuwa mdogo. Eneo la katikati ambalo picha yake ni safi hukua kwa kipeo cha tatu cha uwiano: upana wake katika f/8 ni mara nane ya ule wa f/4. Kwa sayari, basi, Newton ya f/6 hadi f/8 ni rafiki mwema; ya f/4 ni ya mtu mwenye subira na vifaa vya kupimia.

Aina ya tatu huchanganya lenzi na kioo, nazo ni Maksutov na Schmidt-Cassegrain. Nuru hukunjwa ndani yake, hivyo urefu wa fokasi wa meta 2 hukaa ndani ya bomba fupi. Uwiano wake huwa kati ya f/10 na f/15, ambao wafaa kamera nyingi bila ya Barlow. Hata hivyo kioo chake cha pili huziba karibu theluthi ya kipenyo, na jambo hilo hupunguza kidogo utofauti wa vivuli. Tena bomba lililofungwa huchelewa kupoa.

Hazina iliyo juu ya Ikweta

Tunaoishi Afrika Mashariki tuna faida ambayo haipatikani dukani. Sayari zote hupita karibu na njia ya Jua, ambayo haiendi zaidi ya digrii 23.5 kaskazini au kusini ya Ikweta ya anga. Dar es Salaam iko latitudo 6.8 kusini. Sayari iliyo digrii 23 kusini hupanda hapo hadi digrii 74 juu ya upeo wa macho, na iliyo digrii 23 kaskazini hupanda hadi digrii 60. Katika hali zote mbili nuru hupenya hewa isiyozidi mara 1.15 ya unene wa hewa ya utosini. London, sayari hiyo ya kusini hupanda hadi digrii 15.5 tu, na nuru yake hupenya hewa mara 3.7.

Hayo si mambo ya nadharia. Mwaka 2019 na 2020 Mshtarii ilikuwa kusini kabisa, na wapiga picha wa Ulaya waliiona juu kidogo tu ya mapaa ya nyumba zao. Sayari hiyo huzunguka Jua kwa miaka 11.86, kwa hiyo itarudi huko mwaka 2031 na 2032. Wanafunzi walio kidato cha kwanza leo watakuwa watu wazima, na anga lao litakuwa bora kuliko la walio wengi wenye darubini.

Faida hiyo ina kazi ya kweli. Tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley, mpenda falaki wa Australia, aliona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii kwa darubini yake ya kioo cha sentimita 37. Ilikuwa ni alama ya kitu kilichoigonga sayari, na wanasayansi wa darubini kubwa ya Hawaii walithibitisha baada ya kuarifiwa naye. Miaka mitatu kabla yake, mwezi Februari 2006, Christopher Go aliyekuwa Cebu, Ufilipino, kwenye latitudo ya digrii 10 tu, alitambua kwamba dhoruba moja ya Mshtarii ilikuwa imegeuka kuwa nyekundu. Hakuna nchi moja iwezayo kuilinda sayari hiyo mchana na usiku. Kila longitudo isiyo na mlinzi ni saa ambazo tukio huweza kupita bila shahidi.

Ikweta ina hila zake pia. Stendi nyingi za kufuata nyota zilibuniwa kwa nchi za kaskazini, na mhimili wake lazima uinamishwe kulingana na latitudo ya mahali. Baadhi yake haziwezi kuteremshwa hadi digrii 6 au 7, seuze digrii 1 ya Nairobi. Muulize muuzaji jambo hili kabla ya kulipa.

Asiye na stendi ya namna hiyo asikate tamaa. Stendi ya Dobson ni sanduku la mbao linalozunguka, na fundi seremala yeyote huweza kulitengeneza. Haifuati nyota yenyewe, lakini hesabu yaonyesha kwamba yatosha. Kamera yenye pikseli 1,936 kwa upana, kila moja ikiona sekunde 0.25 za pembe, huona anga la sekunde 484. Anga husogea sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde ya saa, hivyo sayari huchukua sekunde 32 kuvuka picha. Vipande vinne vya video, vikifuatana upesi, ni dakika mbili.

Shule isiyo na kamera maalumu

Simu ya mkononi ikishikizwa kwenye lenzi ya jicho ni kamera pia. Urefu wa fokasi wa mfumo mzima ni ukuzaji wa darubini mara fokasi ya lenzi ya simu. Tuchukue simu yenye fokasi ya milimita 4 na pikseli za mikroni 1.4. Kanuni yetu hudai 2 × 1.4 ÷ 0.55, yaani f/5. Darubini ya milimita 200 yenye fokasi ya 1,200, ikiwa na lenzi ya jicho ya milimita 10, hukuza mara 120. Fokasi ya mfumo ni milimita 480, sawa na f/2.4. Haitoshi. Lenzi ya jicho ya milimita 5 hukuza mara 240. Fokasi huwa milimita 960, sawa na f/4.8. Hapo mikanda ya Mshtarii itachorwa kwa pikseli 150, na simu imefanya kazi ya kamera.

Ushauri kwa mnunuzi

Kwa shule nyingi, Newton ya milimita 150 au 200 ya f/6 hadi f/8 juu ya sanduku la Dobson, pamoja na Barlow moja nzuri, ni chaguo la kwanza. Mahali ambapo darubini itasafirishwa shule hadi shule, Maksutov ya milimita 127 hufaa zaidi. Kitoe chombo nje saa moja kabla ya kazi ili kioo kipoe. Usielekeze bomba juu ya paa la bati wala sakafu ya saruji iliyopigwa na jua mchana kutwa, kwani joto lake hupanda usiku na kuichafua picha. Pwani, kausha chombo kabla ya kukifunga, maana unyevu huzaa ukungu kwenye lenzi. Na kamwe mwanafunzi asiachwe kuielekeza darubini kwenye Jua. Jicho huharibika kwa nukta moja, na halirudi.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Kamera ina pikseli za mikroni 3.75. Tafuta uwiano wa fokasi unaofaa kwa nuru ya kijani.
2. Darubini ina kipenyo cha milimita 150 na fokasi ya milimita 750. Kwa kamera hiyo, je, ifaayo ni Barlow ya mara mbili au ya mara tatu?
3. Kwa Barlow uliyoichagua, pete za Zohali zenye sekunde 44 zitachukua pikseli ngapi?

Majibu: (1) 13.6. (2) Darubini ni f/5. Ya mara mbili hutoa f/10 na ya mara tatu f/15, hivyo ifaayo ni ya mara tatu. (3) Fokasi ni milimita 2,250. Upana wa pete ni milimita 0.48, yaani pikseli 128.